Zoezi Baada ya Ibada

Jumapili ya Pasaka, kwaya ikiwa katikati ya wimbo wa pili, amplifaya ya kanisa la mtaa wa Sofu, Kibaha, ilitoa moshi. Haukuwa moshi wa kutisha. Ulikuwa mwembamba, wenye harufu ya plastiki iliyoungua, na mpiga kinanda alipouona alichomoa waya ukutani, mambo yakaisha. Lakini kabla hajauchomoa, mtu mmoja kwenye viti vya nyuma alikuwa ameshapaza sauti: "Moto!"

Kanisa zima liliinuka. Watu wote walikimbilia mlango mkubwa, ule ule walioingilia asubuhi, wakakwama pale wakisukumana kwa mabega. Mlango wa ubavuni ulikuwa umezibwa na viti vya plastiki vilivyopangwa hadi kwenye kitasa, pamoja na ngoma za kwaya ya vijana. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amesafiri kwenda Morogoro. Mama mmoja aliteguka mkono. Mzee mmoja wa kanisa alipoteza kiatu. Watoto wa Shule ya Jumapili, ambao darasa lao lilikuwa kwenye banda la nje, walibaki peke yao wakiangaliana, kwa sababu walimu wao walikuwa wamekimbilia kanisani kuwatafuta waume zao.

Watu walipotulia na kurudi kwenye viti, Mchungaji alipanda mimbarini.

"Leo tumepona," akasema. "Lakini jamani, kwa jinsi tulivyotoka, hata moto wenyewe ungetuonea huruma."

Watu walicheka, kile kicheko cha kuona haya. Baada ya ibada Mchungaji alimwita Stellamaris ofisini.

Stellamaris alizaliwa Mkatoliki huko Karagwe. Ndoa ilimleta kwenye Ulutheri, na kazi ikamleta Kibaha. Alikuwa afisa usalama katika kiwanda kimoja cha mabati kule Zegereni, na kama alivyopenda kuwaambia watu, kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba aliyeingia asubuhi na vidole vyote anatoka jioni na vidole vyote. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, na asiyependa mambo ya kubahatisha.

"Tunaunda kikosi cha usalama," Mchungaji alimwambia. "Wewe utakuwa mkufunzi. Mwenyekiti atakuwa Mzee Gregori."

Stellamaris alikubali papo hapo. Alipofika nyumbani, akiwa anavua viatu, ndipo jina la Mzee Gregori lilipomwingia vizuri akilini, akakuna kichwa.

Mzee Gregori alikuwa askari magereza mstaafu. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, viatu vyake vilimeremeta hata msimu wa matope, na akikohoa mlangoni kwake mtaa mzima ulijua kumekucha. Kwake yeye, usalama maana yake ilikuwa wezi. Jumamosi ya kwanza ya mafunzo alikuja na virungu alivyochongesha kwa fundi seremala, kimoja kwa kila mwanakikosi, vimepigwa vanishi.

"Mzee, hivi ni vya nini?" Stellamaris aliuliza.

"Vya kazi."

"Amplifaya ikiwaka tutaipiga kirungu?"

Mzee Gregori hakuona kichekesho.

Wakagawana muda. Nusu ya kwanza ilikuwa ya Stellamaris. Aliazima projekta kazini, akatundika shuka jeupe ukutani, akaeleza aina za moto, vyanzo vya moto na mambo ya kuzingatia kabla, wakati na baada ya dharura. Alieleza vizuri sana. Alipowasha taa, nusu ya kikosi ilikuwa imesinzia. Nusu ya pili ilikuwa ya Mzee Gregori, aliyewatoa nje na kuwapanga mstari. "Kushoto, geuka!" Kwaya ya akina mama, waliokuwa wanafanya mazoezi barazani, walicheka mpaka wimbo ukawashinda.

Jumamosi iliyofuata watu walipungua. Ile ya tatu alikuja Zawadi peke yake, muuguzi anayeishi jirani na kanisa, na yeye alisema wazi kwamba alidhani kuna kikao cha harusi.

Siku chache baadaye, kwenye kantini ya kiwanda, Stellamaris alikuwa anakula bila hamu. Husseini alivuta kiti akakaa mbele yake. Husseini alikuwa dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na kiongozi wa timu ya zimamoto ya kiwanda, Mwislamu mzaliwa wa Maneromango kule Kisarawe, mtu wa utani asiyemwogopa bosi yeyote.

"Madam, wali umekukosea nini?"

Akamweleza yote, projekta, virungu na kikao cha harusi. Husseini alicheka, kisha akaweka kijiko chini.

"Hebu niambie. Mimi ulinifundisha kwa shuka jeupe?"

"Hapana."

"Ulichoma matambara kwenye pipa, ukanipa mtungi wa kuzimia moto, ukaniambia, Husseini, zima. Nikapulizia juu ya moto badala ya chini, ukanisema mbele za watu. Nikarudia. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi, mkono wenyewe unatafuta mtungi. Sasa watu wa kanisani wamekukosea nini mpaka unawapa maneno matupu?"

Stellamaris alisukuma sahani kando. Aliona kabisa kwamba Husseini alikuwa sahihi: watu hujifunza kwa kutenda. Aliondoka kantini na wazo zuri na wazo baya, na kwa bahati mbaya akaanza na lile baya.

Wazo baya lilikuwa zoezi la kushtukiza. Alitaka kikosi kione kwamba hatari haiji imevaa kofia ya mwizi. Mtu wasiyemjua angekuja Jumapili, mtanashati na mwenye adabu, aende kwenye banda la Shule ya Jumapili, amchukue mtoto na kutoka naye getini. Mtoto angekuwa Tumsifu, mjukuu wa Mzee Gregori, mwenye miaka minne. Mama yake Tumsifu, ambaye ni mkwe wa mzee, alikubali, na angesubiri nje ya uzio ndani ya gari. Mtu wasiyemjua angekuwa Husseini.

"Madam, wakinishika?"

"Ndicho tunachotaka."

"Na vile virungu vya mzee?"

"Nitakuwa karibu."

Jumapili ikafika. Mzee Gregori alikuwa getini anawatafuta wezi, na alikuwa ameshampekua mama mmoja pamoja na mbuzi wake wa sadaka, asikute kitu ila kamba mpya. Husseini aliingia akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi, akapita bila kuulizwa kitu. Hakufika hata bandani. Mhudumu mmoja wa mlangoni, akiwa na furaha ya kuona mgeni, alimshika mkono akampeleka safu ya mbele. Wageni walipoambiwa wasimame, Husseini akasimama.

"Naitwa Husseini, natokea Kisarawe," alisema huku jasho linamtoka. "Nashukuru kwa makaribisho."

Walimpigia makofi. Walimwimbia. Akina mama walipita mmoja mmoja kumpa mkono. Stellamaris, aliyekuwa safu ya nne, aliuma kitambaa chake cha kichwa asicheke.

Mahubiri yalipoanza, Husseini alijitoa kimyakimya na kuelekea bandani. "Nimetumwa nimchukue Tumsifu," alimwambia mwalimu. "Babu yake anamwita." Mwalimu hakuuliza swali. Alimvalisha mtoto sweta, akampa na biskuti ya njiani. Husseini akatoka naye wameshikana mikono, wakapita getini. Mzee Gregori alikuwa ameinama ndani ya kikapu cha mtu.

"Shikamoo, mzee," Husseini alisema.

"Marahaba," alijibu Mzee Gregori bila kuinua kichwa.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yamekwenda kama Stellamaris alivyopanga, tena vizuri kupita kiasi. Alikuwa amejipangia kutoka mapema, awahi getini kabla hakijaharibika kitu. Lakini mama mmoja alimshika mkono katikati ya safu akitaka kumweleza habari ya mwanawe anayetafuta kazi kiwandani, na mama yule hakuwa mtu wa kukatwa maneno.

Kule nje mwalimu wa Shule ya Jumapili alipita karibu na geti. "Mzee, Tumsifu amekufikia?"

"Amenifikia wapi?"

"Si ulimtuma kijana aje amchukue?"

Waliokuwepo walisema baadaye kwamba hawajawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Mzee Gregori hakupaza sauti. Ile sauti yote iliyojulikana Sofu nzima ilikuwa imemkauka kooni. Alitoka getini akikimbia, akashika upande usio wenyewe, akawa anasimamisha bodaboda moja baada ya nyingine, akiuliza kwa kunong'ona kama wamemwona mtoto mwenye sweta la njano. Stellamaris alipomfikia, mzee alikuwa ameshafika mbali, kwenye maduka.

"Mzee, yuko salama. Ni zoezi. Yuko na mama yake."

Mzee alimtazama kama mtu anayesikia lugha asiyoijua. Walirudi pamoja. Tumsifu alikuwa kwenye gari anakunywa juisi, na alipomwona babu alimpungia biskuti. Mzee Gregori alimchukua, akamkumbatia, akambeba mpaka nyumbani kwa miguu.

Jioni ile aliondoka kwenye kundi la WhatsApp la kikosi.

Mchungaji alimsikiliza Stellamaris mpaka mwisho. "Ulitaka wajifunze nini?"

"Kwamba mtoto anaweza kuchukuliwa kirahisi."

"Wamejifunza. Sasa nenda ukamtafute mzee."

Mzee Gregori alikuwa na shamba la mananasi nje kidogo ya mji wa Kisarawe, na watu walisema amehamia huko tangu siku ile. Jumamosi Husseini alimpakia Stellamaris kwenye pikipiki, wakashika njia ya Kiluvya. Njia nzima Stellamaris alikuwa anapanga maneno, na kila pikipiki ilipoingia kwenye shimo, maneno yalivurugika akaanza upya.

Walimkuta mzee analima, akiwa amevaa viatu vya mvua na fulana iliyochakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aliendelea kulima.

"Mzee, nimekuja kukuomba msamaha."

"Nimesikia."

"Hapana, umesikia salamu. Msamaha sijauomba bado." Stellamaris alisogea mpaka jembe likamzuia. "Nilikutia hofu ambayo hakuna mtu anapaswa kutiwa. Nilijiona mjanja. Kiwandani nisingefanya vile, kwa nini nilifanya kwenu, sijui. Nisamehe, mzee wangu."

Mzee Gregori aliegemea jembe.

"Unajua, binti yangu, mazoezi siyachukii. Gerezani tulifanya ya kila aina, ya moto, ya mfungwa kutoroka, ya mafuriko. Lakini filimbi ilipulizwa kwanza, tukaambiwa, hili ni zoezi. Na bado tulikimbia, tukaanguka, tukajifunza. Wewe hukuniambia. Kwa asiyeambiwa, hakuna zoezi. Mimi mtoto wangu alikuwa ameibiwa kweli. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Na kilichoniuma zaidi..." Aling'oa gugu moja. "Nilikuwa nimesimama pale pale getini. Nashika vikapu vya watu."

Husseini, ambaye muda wote alikuwa amesimama nyuma akizungushazungusha kofia yake ya pikipiki, alisogea.

"Mzee, na mimi naomba radhi. Mimi ndiye niliyemchukua."

"Wewe ndiye yule?"

"Ndiyo. Nilikusalimia hata."

"Ulinisalimia?"

"Shikamoo, mzee, nikasema. Ukaitikia marahaba."

Mzee Gregori alimtazama. Midomo ilianza kumchezacheza. "Niliitikia?"

"Vizuri kabisa."

Mzee alijaribu kujizuia, ikashindikana. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matuta, akapangusa macho kwa fulana, akacheka tena. "Mwizi ananiamkia, naitikia marahaba! Mke wangu asilisikie hili."

Alivunja mananasi mawili, akayamenya kwa panga, wakala wakiwa wameketi kwenye magunia. Midomo ikiwa bado inanata, Stellamaris alichukua kijiti akachora kanisa kwenye udongo: milango, banda la watoto, geti, mahali pa kuegesha magari. Mzee aliangalia kidogo, kisha akamnyang'anya kijiti.

"Hili banda umelichora mbali. Liko hapa. Na mti wa maua uko hapa, watoto wanaweza kukusanyika chini yake." Akachora mistari ya jinsi watu wanavyotoka. "Shida yako wewe unafundisha mengi kwa wakati mmoja. Mtu mmoja, kazi moja. Anairudia mpaka aichoke. Akiichoka, ndiyo ameijua."

"Na shida yako wewe?"

"Virungu," alisema Mzee Gregori. "Nitavirudisha kwa fundi, avifanye miguu ya stuli."

Hivyo ndivyo mafunzo yalivyoanza upya. Habari ya Jumamosi waliiacha kabisa, kwa kuwa watu Jumamosi wana mashamba, misiba na nguo za kufua. Sasa ilikuwa Jumapili, mara tu baada ya matangazo, robo saa tu, na jambo moja tu. Mzee Gregori alipuliza filimbi, akatangaza kwa sauti iliyokuwa imemrudia yote: "Hili ni zoezi!" Kisha watu wakafanya.

Jumapili moja ilikuwa ya milango. Kila safu ilijua mlango wake, na viti vya plastiki vilipata stoo yao. Mara ya kwanza walitoka kama ng'ombe waliofunguliwa. "Rudini! Tena!" Mara ya tatu walitoka vizuri, bibi mwenye mkongojo akiwa wa kwanza, na kanisa zima likajipigia makofi. Jumapili nyingine ilikuwa ya mtu aliyezimia. Zawadi aliwafundisha kumlaza mgonjwa, kumfungulia nguo zinazobana na kuwaondoa watu wanaomzunguka. Mtu wa kuzimia alichaguliwa kwa kura, maana kila mmoja alitaka awe yeye. Nyingine ilikuwa ya gari: tangu siku ile, kila penye ibada, gari moja lilikaa limeelekea barabarani, na dereva wake anajulikana kwa jina na sura.

Na ya watoto waliifanya kwa kadi. Mtoto akiingia bandani, mzazi anapewa kadi yenye namba, na bila kadi mtoto hatoki, hata aje nani. Wazazi walinung'unika. Baba mmoja alifoka kwamba mwanawe amefanana naye mpaka masikio, kadi ya nini? Lakini siku moja Mzee Gregori mwenyewe alikwenda kumchukua Tumsifu, akiwa amesahau kadi nyumbani. Mwalimu yule yule wa biskuti alisimama mlangoni.

"Samahani, mzee. Kadi."

"Mimi ndiye mwenyekiti wa usalama."

"Nakufahamu, mzee. Kadi."

Mzee alirudi nyumbani kuifuata, jua likiwa utosini, na badala ya kukasirika alisimamisha kila aliyekutana naye njiani amweleze jinsi alivyonyimwa mjukuu wake. Alisimulia kwa fahari kama mtu aliyepewa nishani. Baada ya hapo hakuna mzazi aliyebishia kadi tena.

Mwezi wa Oktoba kulikuwa na tamasha la kwaya Maneromango, kwenye misheni ya zamani ya Kilutheri, na wenyeji waliomba kikosi cha Sofu kije kuwasaidia. Walikwenda kwa basi dogo la Kosta, Mchungaji akiwemo, barabara ikiwapigisha vichwa kwenye paa kuanzia Kisarawe mjini. Husseini alikuwa ametangulia. Nyumbani kwa mama yake, Bi Mwanamkuu, ni jirani tu na misheni, na alikuwa amewaalika wote chakula cha mchana.

Walipofika, Stellamaris na Mzee Gregori walizunguka uwanja kabla hata ya kunywa maji. Maturubai yalikuwa yamefungwa nje, mbele ya kanisa. Kanisa lenyewe lilikuwa limefungwa, wakaomba milango yote ifunguliwe. Gari la mwinjilisti likageuzwa lielekee barabarani. Watoto wakapewa kadi. Kitu kimoja hawakukiangalia: msufi mkubwa kando ya jukwaa, ambao wenyeji walikuwa wameufungia spika. Ndani ya tundu la msufi ule, juu kabisa, kulikuwa na nyuki.

Nyuki walivumilia kwaya mbili. Kwaya ya tatu ilikuwa ya vijana, wenye besi nzito ya kutikisa kifua, na ubeti wa kwanza haukufika mwisho.

Mtu wa kwanza kuumwa alidhani mwenzake kamfinya. Kisha wingu likashuka. Akina mama walitupa khanga vichwani, viti vikapinduka, watu wakaanza kukimbia kila mmoja na upande wake, wakipunga mikono, jambo ambalo liliwaudhi nyuki zaidi. Kipaza sauti kilikuwa jukwaani, mahali ambapo hakuna mtu angethubutu kwenda.

Mzee Gregori hakukihitaji.

"Hili si zoezi!" alinguruma, na watu wa Sofu waligeuka wote kama mtu mmoja. "Ingieni kanisani! Msipunge mikono! Watoto mlango wa ubavuni!"

Nyuki hawakuwa kwenye somo lolote walilofundishwa. Lakini kila mmoja alikuwa na kazi yake na miguu yake iliifahamu. Wa milango walisimama milangoni. Walimu walishika watoto, hawakukimbilia waume zao. Mmoja alizima jenereta, besi ikakatika. Wenyeji, walipoona kundi moja linajua linakokwenda, wakalifuata. Stellamaris alisimama kwenye ngazi akiwasukuma watu ndani kwa viganja, nyuki mmoja akamchoma mdomo wa juu akiwa anapiga kelele. Wa mwisho kuingia alikuwa Mzee Gregori, amembeba mgongoni babu mmoja mwenyeji aliyekuwa anamlalamikia kwamba anaweza kutembea mwenyewe. Mlango ukafungwa, madirisha yakafungwa.

Ndani kulikuwa na giza, joto na vilio vya watoto, kisha sauti za walimu zikisoma namba za kadi, na wazazi wakiitikia mmoja baada ya mwingine. Namba zote ziliitikiwa.

"Huyu hapumui vizuri," Zawadi alisema kutoka kona moja.

Alikuwa Kitwana, mpiga gitaa wa kwaya ya wenyeji. Alikuwa ameumwa shingoni na usoni, midomo imevimba, na kila pumzi ilitoka kwa mluzi. Zawadi hakupoteza muda na miiba. "Gari. Sasa hivi." Walimfunika shuka, wakamtolea mlango wa nyuma, gari likaondoka bila kugeuza, Zawadi akiwa kiti cha nyuma amemshikilia akae wima. Waliobaki waliomba, wengine kwa sauti, wengine kimya. Stellamaris aliomba kimya, kwa sababu mdomo ulikuwa haufunguki tena.

Muda si mrefu simu ya Mchungaji iliita. Alisikiliza, akatikisa kichwa, kisha akatabasamu. "Wamefika kituo cha afya. Amechomwa sindano. Anapumua, na anauliza nani ana gitaa lake."

Kelele zilizopigwa humo ndani zilitosha kuwaamsha nyuki upya.

Mchana, nyuki walipokuwa wamerudi kwao, kikosi kilikaa kwenye mikeka nyumbani kwa Bi Mwanamkuu. Kulikuwa na wali wa nazi, kuku wa kienyeji, mchicha na mihogo ya kuchemsha. Bi Mwanamkuu, mwanamke mfupi mwenye meno mazuri, alikuwa anapita na sahani, na kila alipofika kwa Mzee Gregori alisimama kwanza acheke. Jicho moja la mzee lilikuwa limefumba kabisa na sikio limekuwa kama andazi.

"Pole, baba. Nyuki wa huku hawajui cheo."

"Asante, Bibi. Kuku ni mtamu."

"Husseini kanieleza mliyoyafanya. Na miye nilisikia sauti yako mpaka jikoni, nikadhani kiyama." Alikaa ukingoni mwa mkeka, akawa makini. "Sasa nisikilizeni, wanangu. Hapa kwetu tuna madrasa. Watoto wamejaa, nyumba mlango mmoja, na jiko la mwalimu liko hapo hapo mlangoni. Kila siku nalisema, hakuna anayenisikia. Siye mtakuja kutufundisha lini?"

Husseini alimwangalia Mchungaji, Mchungaji akamwangalia Mzee Gregori.

"Jumamosi ijayo," alisema Mzee Gregori, mdomo umejaa wali. "Na tukifika, kwanza tunatoboa mlango wa pili. Fundi ninaye."

Stellamaris aliruka. Jumamosi ijayo alikuwa zamu kiwandani, mitambo ilikuwa inakaguliwa, na hakuna mtu aliyemuuliza. Alinyanyua kidole, akavuta pumzi, akaeleza hayo yote kwa kirefu. Lakini mdomo wa juu ulikuwa umevimba hadi puani, na kilichotoka hakikuwa Kiswahili wala Kinyambo cha kwao Karagwe.

"Umesikia?" Bi Mwanamkuu alimwambia mwanawe kwa furaha. "Amekubali." Akampakulia Stellamaris wali mwingine, akaongeza na paja la kuku juu yake, na Stellamaris akaanza kucheka, ikamuuma, akazidi kucheka.